Kabati la Saba

Jumatatu, saa 2:40 asubuhi, baba mmoja alisimama mapokezi ya hospitali akifoka kwa hasira. Picha ya tumbo la binti yake, iliyopigwa hapo, ilikuwa imesambaa kwenye simu za ukweni. Posa ilivunjwa jana yake.

Saa 3:05 mpelelezi aliingia chumba cha seva: baridi, mvumo wa feni, makabati kumi na mawili ya diski za kuhifadhia picha. Mtunza picha, mama wa makamo, alikuwa mlangoni, macho mekundu. Mkuu wa mafundi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta.

"Seva huandika kila faili lilifunguliwa lini mara ya mwisho," fundi alisema. "Hili la binti ni Alhamisi, saa 4:15. Zamu ya mama huyu."

"Daktari aliniagiza nilifungue, mwanangu," mama alimwambia mpelelezi. "Miaka kumi na tisa niko hapa. Leo nifukuzwe kwa umbeya?"

Mpelelezi alilifungua faili lile mwenyewe, akalifunga, akatazama tena. Alhamisi, saa 4:15.

"Nimelifungua sasa hivi. Mbona saa haijabadilika?"

Fundi akacheka. "Ah, afande! Nimezima uandishi huo. Kila picha ikisomwa, seva inaandika saa. Kazi juu ya kazi. Madaktari walilalamika inajikokota. Ukizima, usomaji unakimbia."

"Ulizima lini?"

"Ijumaa asubuhi."

"Seva nzima?"

"Nzima."

Mpelelezi akafungua picha moja ya kabati la kwanza. Leo, saa 3:12. La pili, 3:13. Akaenda hivyo hadi la kumi na mbili. Kabati la saba peke yake, lenye picha ya binti, lilikuwa bubu.

"Seva nzima inajikokota, ukatibu kabati moja? Ulizima, ukachungulia, ikabaki saa ya mama wa watu. Bwana harusi ni nani wako?"



"Mdogo wangu. Tumbo moja." Fundi alimgeukia mpelelezi. "Niliona uvimbe kwenye kizazi. Ningemwacha aingie tu kwenye ndoa hiyo?"

"Si ungeuliza, baba?" mama alimwambia fundi polepole. "Picha hiyo ni ya kabla ya upasuaji. Ya baadaye iko kabati la nne, safi kabisa. Alhamisi daktari alikuwa anazilinganisha."

Fundi akanyoosha mkono kwenye kibodi. Mpelelezi akaudaka.

"Usiifungue," alisema. "Hata hiyo si yako kuitazama."