Bati la Barka, Siku za Madi

Kila asubuhi Alawiya alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuchoma mikate ya mofa. Ya pili ni kumzuia mumewe asiinuke kitandani.

"Yeo sina maumivu," Madi alisema. "Nipe shati langu niende zangu kazini."

"Huna maumivu! Na hayo meno unayoyauma ni ya nani?"

Madi alikuwa kibarua wa kubeba boriti katika kiwanja cha kampuni moja hapo Amu. Chombo kikija kupakia, vibarua waliitwa. Chombo kisipokuja, walikaa. Wiki hii siku tano, wiki ijayo hata moja. Aliishi hivyo miaka sita, wala hakulalamika.

Mwisho wa Juni, mwaka wa 1954, Madi alikwenda Shela siku isiyo ya kazi kutega wavu. Akakanyaga taa, na mwiba wa yule samaki ukazama kwenye kifundo cha mguu. Walimkanda kwa maji ya moto, wakampaka dawa, wakamsomea. Jeraha likajifunga juu, kumbe chini linaoza. Sasa ilikuwa Julai, na mguu umevimba mpaka gotini.

Jirani yao, Jeilani, alikuwa dresa wa hospitali. Alipita kila asubuhi kumfunga Madi kidonda. Siku hiyo alikitazama kwa muda mrefu.

"Daktari anasema usaha umefika kwenye mfupa," alisema. "Hapa hatuna vyombo vya kuusafisha. Lazima aende Mombasa kwa meli ya Jumamosi hii. Akingoja, watakuja kuukata."

"Kuukata nini?"

"Mguu, Bi Alawiya."

Alawiya aliketi chini palepale, mikono yote unga. Aliogopa hata akausahau mkate, ukaungua.

"Lakini kampuni yao ina bima ya matibabu," Jeilani aliendelea. "Tangazo liko mlangoni kwao tangu mwaka jana. Mtu aliyetimiza masharti akiugua, kampuni humpeleka Mombasa na kumlipia hospitali. Nenda kamwone karani."

Alawiya hakuwa amefika hata siku moja kwenye kiwanja kile cha wanaume. Alivaa buibui lake, akapiga bismillahi, akaenda.

Karani aliitwa Wazir. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, akizungumza kama anayekimbizwa. Alifungua daftari, akapitisha kidole.

"Madi, bati nambari arobaini na moja. Aprili ishirini, Mei tatu, Juni tisa. Hajatimiza thelathini na sita. Mwingine!"

"Thelathini na sita za nini, Bwana Karani?"

"Siku, Bi, siku! Mwingine!"

Alawiya alitoka kichwa kinamzunguka. Siku thelathini na sita? Mwezi gani huo? Mlangoni aliwauliza wachukuzi. Wa kwanza akasema bima ni ya wenye mshahara wa mwezi peke yao. Wa pili akasema ni lazima siku kumi na mbili kila mwezi, kwa hiyo Ramadhani ndiyo iliyomwangusha Madi. Wa tatu akasema aliyeumia nje ya kazi hapati kitu. Watu watatu, maneno matatu, na kila mmoja akaapa wallahi.

Tangazo lenyewe lilikuwa pale ubaoni. Alawiya alisoma Kurani vizuri, na barua za herufi za Kiarabu aliziandika kwa mkono mzuri. Lakini tangazo lilikuwa la herufi za Kizungu. Alisimama akalikodolea macho, kisha akarudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka.

Alasiri Jeilani alikuja na tangazo lote amelinakili kwenye karatasi.

"Twende polepole," alisema. "Uliza moja moja."

"Bima ni ya wenye mshahara wa mwezi tu?"

"La. Imeandikwa, na vibarua wa siku."

"Na huyu aliyeumia kwenye samaki wake?"

"Imeandikwa, ugonjwa wowote. Aliyeumia kazini ana haki yake nyingine, mbali na hii."

"Na Ramadhani je? Mei alikwenda siku tatu tu."

"Hapo ndipo wengi wanapopotea!" Jeilani alicheka kidogo. "Kampuni inajua kazi yenu haina mpango. Leo ipo, kesho haipo. Kwa hiyo haiupimi mwezi mmoja peke yake. Inachukua miezi mitatu kabla mtu hajaomba matibabu, inaijumlisha. Mwezi mnene unaubeba mwezi mwembamba. Jumla ikifika siku thelathini na sita, umeingia. Lete komwe."

Alawiya alileta komwe za bao. Jeilani alipanga ishirini za Aprili, tatu za Mei, tisa za Juni. Alawiya akazihesabu zote pamoja.

"Thelathini na mbili," alisema. Akahesabu tena. "Zimepungua nne. Nne tu, ya Rabi!"

Madi aligeukia ukutani. Mkewe alimtazama mgongo, na hapo akakumbuka.

"Na zile siku za baada ya Idi? Kaka Barka alipokwenda Pate arusini, si ulikwenda wewe? Siku tano! Mimi ndiye niliyekufungia mikate."

"Nyamaza, mke wangu."

"Sinyamazi!"

"Ulitundika bati la nani?" Jeilani aliuliza.

"Lake," Madi alijibu kwa shida.

Mambo yalikuwa hivi. Kila kibarua alikuwa na kipande cha bati chenye nambari yake. Akiingia kazini hulitundika kwenye msumari mlangoni, na karani huandika kwa kutazama misumari. Ujira wa siku alipewa mkononi yule aliyebeba, kwa hiyo hakuna aliyejali bati ni la nani. Ndugu akikosekana, ndugu yake humsimamia asipoteze nafasi. Hiyo ilikuwa ada yao, na nani angeona ubaya?

"Basi daftarini siku zile ni za Barka," Jeilani alisema. "Karani hawezi kuzihamisha mpaka Barka mwenyewe aseme."

"Hasemi, wala haambiwi," alisema Madi. "Nilimsimamia kwa mapenzi. Sasa nimwendee nikamwambie nirudishie? Na mato yake unayajua yalivyo."

Alawiya aliyajua sana. Barka alikuwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Jicho lake moja lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, na la pili limeanza. Daftari lilimwandikia siku thelathini na nane. Cheti cha bima alikuwa nacho tayari, na meli yake ni hiyohiyo ya Jumamosi. Ukitoa tano, zinabaki thelathini na tatu.

Alawiya alizitazama komwe. Amwombee nani? Mumewe akipona, kaka yake abaki gizani? Usiku ule usingizi hakuupata.

Alhamisi alikwenda kwa Barka, akamweleza yote.

"Umekuja kunishusha melini?" Barka alifoka.

"Nimekuja kukueleza, kaka. La kufanya mimi siyui."

"Mwaka mzima nangoja! Nikipita vichochoroni nagonga punda, watu wananicheka."

"Najua, kaka."

"Basi nenda zako."

Alawiya alikwenda, akilia ndani ya buibui.

Ijumaa asubuhi alirudi kwenye dirisha la karani. Alikusudia kusema. Lakini akisema, anamshtaki kaka yake. Asiposema, mguu wa mumewe unakatwa. Alisimama pale, akishika ukingo wa dirisha.

"Sema, Bi, watu wanangoja," alisema Wazir.

"Bwana Karani, mimi..."

"Andika, karani!" Sauti ilitoka nyuma. Barka alikuwa anakuja, mkono mmoja anapapasa ukuta. "Bati langu, hamsini na nane. Siku tano za baada ya Idi si zangu. Mimi nilikuwa Pate nakula pilau. Aliyebeba ni Madi. Muulize nyapara."

Nyapara aliitwa.

"Kweli," alisema. "Siku zote tano nilikuwa namwita Madi kwa jina la Barka, kwa mzaha."

"Mzaha!" Wazir alishika kichwa. "Na mimi naandika! Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe mbona hukutueleza siku zinahesabiwa kwa nini?" Barka alimjibu. "Tulidhani bati ni la mlangoni tu."

Karani alivuta daftari. Akakata mstari, akaandika upya, nyapara akatia alama ya kidole chake kama shahidi. Madi, thelathini na saba. Barka akatoa cheti mfukoni, akakiweka mezani.

"Kaka, na mato yako?" Alawiya aliuliza.

"Nimemuuliza Jeilani. Mato haya yakingoja miezi mitatu hayaozi. Mguu unaoza. Na usinilizie hapa mbele za watu."

Jumamosi Madi alisafiri. Wiki sita baadaye alirudi anatembea kwa miguu yake miwili na mkongojo mmoja. Alawiya alimlaki gatini kwa vigelegele, wapita njia wakageuka wote.

Kiwanjani nako mambo yalibadilika. Kila mwanzo wa mwezi Wazir aliwasomea vibarua tangazo kwa sauti, polepole, na aliyetaka alionyeshwa siku zake daftarini. Mlangoni alitazama bati, kisha akatazama uso. Aliyemsimamia mwenzake alitundika bati lake mwenyewe.

Nyumbani kwa Alawiya kulikuwa na kikombe dirishani. Kilikuwa cha Barka. Alikuwa anaanza kuhesabu miezi mitatu mingine, na safari hii hakuiachia kampuni peke yake kazi ya kuhesabu. Kila akitoka kazini alipita chini ya dirisha.

"Tia moja!" alipiga kelele, na Alawiya akatia komwe.

Siku moja Barka alishikwa na homa. Madi akasema, "Nikuendee, shemeji? Bati lako liko wapi?"

"Thubutu!" Barka na Alawiya walijibu kwa pamoja.

Mwezi wa Oktoba, baada ya alasiri, sauti ilikuja tena chini ya dirisha. "Tia moja!"

Alawiya alitia, kisha akazimwaga zote mkekani na kuzihesabu. Thelathini na sita. Akahesabu mara ya pili, maana machozi yalimchanganya.

"Zimetimia, kaka!"

Madi alichukua mkongojo wake, akashuka mlangoni, akampa Barka bega. "Shika hapa, shemeji. Twende kwa karani kabla hajafunga."

"Kwa bati langu?"

"Kwa bati lako, na kwa siku zako."

Alawiya aliwatazama wakishuka kichochoroni, mmoja anachechemea, mwingine anapapasa. Akamsikia mumewe akisema, "Pita kushoto, shemeji. Kulia pana punda."