Kilo Makumi Mbili na Nane

Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika depo ya ushirika pale Kasongo, Laura alifungua kikapu cha samaki na kupiga chafya tatu mfululizo. Kazi yake ni kununua samaki wa bweni moja la wanafunzi huko Kindu. Samaki wa juu walikuwa wazuri, wekundu wa moshi. Wa chini walikuwa wakuukuu, wagumu kama kuni, na unga wa wadudu ukiwadondoka.

Alielekeza simu kwenye alama ya kikapu, na habari zake zote zikatokea: samaki wamekaushwa na Séraphine wa Nyangwe, wamebebwa na Radjabu kwa baiskeli, wametunzwa deponi na Magloire. Ndiyo kazi ya lile daftari la blokcheni, ambalo wanaushirika wanaliita mnyororo. Kila mwanachama ana nakala yake kwenye simu, mizani yenyewe ndiyo inayotuma uzito, na mstari ukishaingia haufutiki.

Saa nne Séraphine aliwasili kutoka Nyangwe, yeye na Radjabu na kikapu kipya, hawajui hili wala lile. Walimkuta Jeanine, mwenyekiti wa ushirika, amekunja uso juu ya simu.

"Kikapu kilitoka Nyangwe Jumanne, kilo makumi tatu," Jeanine alisoma. "Kilifika hapa Jumatano, kilo makumi mbili na tisa. Radjabu, ile kilo moja ilienda wapi?"

"Mama prezida, mi siko mwizi."

"Mwenye anapunguza njiani, ndiye anabadilisha njiani. Saa sita naingiza jina yako kwa mnyororo. Hautabeba tena kitu ya ushirika."

Radjabu aliinamisha kichwa. Séraphine akapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Huyu mtu alikuwa amembebea samaki miaka sita, na kazi nyingine hana. Doa hilo likiingia, kila mnunuzi wa Kindu na Kabambare angeliona, leo na hata wajukuu wake wakiwa wazee.

"Mama, ngoja kwanza," akasema. "Nani mwingine aliona kile kikapu?"

Mtu akamtaja Kamaldine, mfanyabiashara wa dhahabu, kwamba alionekana akizungukazunguka depo. Wakamwita. Kamaldine alikuja anatafuna karanga, hana wasiwasi.

"Niliomba samaki Alhamisi, Magloire akanikatalia. Nikapanda pikipiki siku ile ile, nikaenda Lusangi, nikarudi jana."

Mwenye pikipiki alikuwa hapo nje, akathibitisha. Basi Kamaldine akaenda zake na karanga zake.

Magloire, mtunza depo, jitu kubwa la upole, alikuwa anapiga miayo tangu asubuhi. "Munisamehe, ni uchovu ya mariaje. Nimeozesha binti Jumamosi. Wakwe walitoka Kabambare, watu makumi ine, na wanajua kula." Watu wakacheka, maana mji mzima ulikuwa bado unaisimulia karamu hiyo. "Lakini muangalie namba za depo. Hapa kwangu hakuna shida. Na funguo ni moja, haijatoka kwa mufuko yangu."

Séraphine akamgeukia Jeanine. "Hiki kikapu kipya, jana asubuhi kule Nyangwe kilikuwa kilo ngapi?"

"Makumi tatu."

"Kipime."

Kikapu kikapandishwa. Mizani ikasema ishirini na tisa.

"Nimetembea nyuma ya baiskeli ya Radjabu njia yote, mukono wangu juu ya kikapu," Séraphine alisema. "Basi mi pia niliiba? Mama, samaki ya moshi inaendelea kukauka. Jua inakunywa kilo moja njiani. Nilizani kila mutu anajua. Kumbe wenye kula tu hawajui."

Jeanine aliona haya, akakohoa.

"Sasa soma zile namba za depo, moja moja."

"Jumatano, makumi mbili na tisa. Alhamisi, makumi mbili na nane na nusu. Ijumaa, makumi mbili na nane. Jumamosi, makumi mbili na nane. Jumapili, ile ile. Leo, ile ile."

"Iko sawa," Magloire alisema.

"Iko sawa kupita kiasi, papa. Samaki yangu ilikuwa inapungua kila siku, halafu Ijumaa ikaacha, ndani ya joto ya mabati haya. Samaki gani haipungui? Ni ile yenye ilimaliza kukauka zamani. Mwenye alibadilisha aliogopa mnyororo, akapima mpaka ifike kilo ile ile. Alifanya Ijumaa baada ya kupima, kabla ya Jumamosi asubuhi. Na alikuwa na funguo."

Hakuna aliyemwangalia Magloire, na hapo ndipo alipoketi juu ya gunia.

"Wakwe walisema wanataka kuonja samaki ya Nyangwe," alisema taratibu. "Nikaahidi. Kwa soko hazikuwa, ni za zamani tu. Nilishindwa kuwaambia kama hakuna."

"Na Radjabu?"

"Nilijua ile kilo ya njiani itamuangukia." Akamtazama. "Nilifanya vibaya sana, ndugu yangu. Unisamehe."

Radjabu akaitikia kwa kichwa. Jeanine akampa Magloire simu, naye akaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

"Haifutiki?" akauliza.

"Haifutiki," Jeanine alisema. "Funguo utaniachia. Lakini siku utarudisha samaki, na hiyo itaandikwa chini yake."

Nje, Radjabu alikuwa anapangusa baiskeli yake huku anapiga mluzi, na moyo wa Séraphine ukawa mweupe. Akageuka mlangoni.

"Papa Magloire, na wakwe walisema nini juu ya samaki yangu?"

"Walikula mpaka mifupa."

Séraphine alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi andika na hiyo," akasema. "Watu ya Kindu wasome."