Beseni la Mlangoni

Hilda alisahau nguo nje usiku kucha, na asubuhi akazikuta.

Kwingine hilo lisingekuwa jambo la kusimulia. Lakini hapa ni Bombambili, mtaa ambao ukianika soksi unakaa nazo mpaka zikauke, na Hilda alikuwa ameshaibiwa kuku, mtungi wa gesi, na mwisho cherehani yake, iliyopitishwa dirishani mchana kweupe yeye akiwa misani. Akasimama barazani akiyatazama mashuka yake. Chini ya kamba, kwenye tope, palikuwa na kandambili za mtu mzima zimeelekea mlangoni. Nyayo za kuja zilionekana. Za kuondoka hazikuwepo.

Basi dawa imeshika, akajiambia, na badala ya kufurahi akaanza kuanua haraka.

Dawa yenyewe ilikuwa ya Mzee Hassani, mganga wa Namtumbo. Wenzake wa jumuiya ya kanisani Hilda hakuwaambia, maana wangemwombea mpaka wamchoshe, na kuchoka alikuwa ameshachoka. Kuripoti amechoka, kulala na panga chini ya kitanda amechoka, kuambiwa na mwenyekiti wa mtaa kwamba wananchi washirikiane ndiko kulikomchosha zaidi. Mzee alichimba kizingitini, akafukia chupa iliyofungwa kitambaa cheusi, kisha akaomba beseni la maji.

“Kila anayelala nyumba hii anawe humu,” alisema. “Maji tutayamwaga hapa mlangoni. Huyu mlinzi ninayemweka anamjua mtu kwa maji ya mikono yake. Asiyenawa, kwake ni mwizi.”

“Nina kijana wangu, Remmy. Yuko huko kwenu, kwenye tumbaku.”

“Basi tumsubiri, mama. Haina haraka.”

Haina haraka kwa ambaye cherehani yake iko ndani. Mzee alipotoka kuswali adhuhuri, Hilda alilitoa msumarini lile shati la mistari lililobaki chumbani kwa Remmy, bado lina jasho kwapani, akalizamisha ndani ya beseni na kulikamua vizuri. Mzee aliporudi akadanganywa kwamba kijana amehamia Namtumbo moja kwa moja, wasimsubiri. Maji yakamwagwa.

Tangu hapo wezi walikoma, si kwake tu, mtaa mzima. Kwenye mkutano Bwana Romanus, mwenyekiti, alitangaza kuwa uhalifu umeshuka, akajipigia makofi kidogo. Hilda hakupiga. Nyumba yake ilikuwa imeanza kunuka udongo mbichi, ule wa kaburi linalochimbwa. Kuku wa majirani walizunguka uwanja mzima ili wasipite mbele ya mlango. Na jioni, akikaa kushona kwa mkono, alisikia nyuma ya mlango mtu akipumua taratibu, mtu asiye na haraka yoyote. Hakuwa akipoteza kitu tena, wala hakuwa akilala.

Remmy alirudi siku moja giza likianza kuingia. Hilda alikuwa jikoni uani akisonga ugali. Alisikia “Hodi, mama,” na kabla hajafungua kinywa, sauti kutoka ndani ya nyumba, sauti yake mwenyewe Hilda, ikapiga yowe: mwizi.

Alikimbia na mwiko mkononi, akamkuta mwanawe kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, begi limeanguka, macho yamemtoka, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na ile sauti ikiendelea kuita kutoka chumbani kusikokuwa na mtu, mwizi, mwizi jamani, na milango ya jirani ikifunguka mmoja baada ya mwingine, na watu waliochoka kuibiwa kama yeye wakija na fimbo na mawe, na mmoja akiburuta tairi kuukuu la pikipiki, na harufu ya udongo ikimjaa kooni mpaka akashindwa kusema huyu ni wangu.

“Mama,” Remmy alinong'ona, “nani amenishika miguu?”

Jiwe la kwanza lilimpata Hilda begani, kwa sababu alikuwa ameshamkumbatia. La pili lilimchana Remmy sikio. Ndipo Romanus akamulika tochi.

“Ngojeni. Ngojeni kwanza. Si Remmy huyu?”

Mikono ikashuka. Wengine waliomba radhi, wengine wakaondoka, na tairi likaburutwa kurudi lilikotoka. Salum, rafiki wa Remmy tangu utotoni, akapenya pembeni yao, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Hakuna kilichomshika.

Hilda alimtazama kifuani. “Salum, hilo shati si la mwanangu?”

“La kwake, mama. Tulibadilishana siku anasafiri. Langu la mistari si liko humu?”

Hilda akakaa chini palepale.

Alikesha hapo akimnywesha uji kwa kijiko mwanawe, aliyekuwa bado amenaswa kizingitini. Asubuhi Mzee Hassani, aliyeitwa kwa simu, alishushwa na bodaboda, akasikiliza yote, hakugomba. Akaichimbua chupa, akaitikisa sikioni. Miguu ya Remmy ikalegea, akaangukia ndani, akalala.

“Ameondoka?” Hilda aliuliza kwa sauti ya chini.

“Kwenye chupa hayumo.” Mzee alikuwa akimtazama kijana aliyelala. Chai alikataa, akapanda bodaboda bila kuaga vizuri.

Hilda alilia kwa furaha. Wezi na warudi, alisema, wachukue hata mlango. Mwanawe yuko ndani. Jioni akaenda kununua kufuli, kama watu wengine.

Aliporudi, Remmy alikuwa amesimama kizingitini, ametazama njia. Miguuni pake pana beseni la maji. Harufu ya udongo mbichi ilimpokea Hilda kabla hajafika.

“Karibu, mama. Nawa mikono.”

“Kwani tunakula, mwanangu?”

“Nawa kwanza.”

Kuku wa jirani walikuwa wakizunguka uwanja kwa mbali. Hilda aliwaza kukimbilia kwa padri, kwa Romanus, kwa yeyote. Lakini akikimbia, mwanawe atabaki na nani? Akainama, akanawa. Remmy akayamwaga maji kizingitini taratibu, bila haraka yoyote, akampisha apite.

Usiku ule Hilda alilala fofofo. Kufuli lilibaki mezani, ndani ya pakiti yake.