Mkono Kiunoni Juu ya Ala-Kul

Beberu ndiye aliyewakutanisha. Ijumaa asubuhi, soko la mbuzi la Nizwa, Omani, limefurika, beberu mmoja akakata kamba, akamvaa Yazan kifuani na kumbwaga miguuni pa Shurooq. Dishdasha lake, kanzu jeupe, lote vumbi, mdomo unavuja damu, naye anacheka.

"Samahani, binti. Kwa kawaida huwa nasalimia kwa adabu zaidi."

Shurooq, ndani ya abaya mpya ya zambarau, akampa kitambaa chake. Basi, yakaanzia hapo.

Yazan alikuwa akiwapeleka Waomani kupanda milima ya Kirgizistani. Kila jioni simu: mara majabali mekundu ya Jeti-Oguz, mara chemchemi za maji moto za Altyn-Arashan, mara ziwa Ala-Kul, buluu tupu, limekaa juu huko katikati ya theluji. Akaapa fungate yao itakuwa huko.

"Mimi mlima wetu wa Jebel Akhdar tu kizunguzungu," Shurooq alimwambia.

"Nitakubeba, habibti."

"Wewe? Uliyeangushwa na mbuzi?"

Tabu ilikuwa Suud, mtoto wa ami yake Shurooq, aliyejipa haki ya kumuoa tangu wako wadogo. Kiangazi hicho Yazan alipanda na kundi lake, mtandao ukakatika, na Suud akaja mbio na picha aliyotumiwa na mmoja wa kundi aliyetangulia kushuka: Yazan juu ya Ala-Kul, theluji inapiga, mkono wake umezunguka kiuno cha mwanamke aliyejifunika uso kwa skafu na miwani. Yazan alipopata mtandao akapiga, na Shurooq hakumpa hata salamu.

"Nani huyo?"

"Siwezi kukwambia. Niliapa."

"Basi kaa naye huko huko."

Hakukaa. Alitua Maskati, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwa kina Shurooq, mkono wa kushoto umefungwa plasta. Suud, waliyekaa naye nyumba moja, alikuwa uani na bakora yake. Hakuuliza hodi ya nani. Ya kwanza ilimpata Yazan shingoni, na kusema kweli Shurooq aliifurahia. Ya pili ilipasua nyusi, ya tatu ikatua kwenye plasta, na ule ukelele ukamtoa Shurooq furaha yote.

"Mtaje huyo mwanamke," Suud alinguruma.

Yazan akatema damu, akatikisa kichwa. Bakora ikapanda tena.

"Yule ni mimi."

Alikuwa Hajar, dada yake Suud, amesimama mlangoni anachechemea. Nyumba nzima ilijua alikuwa kozini Salala, karudi jana tu; kumbe alikuwa kwenye kundi la Yazan. Akasema aliteleza kwenye barafu, na Yazan alimng'ang'ania juu ya shimo mpaka mfupa wa mkono wake ukavunjika; kwenye picha alikuwa akimshikilia asianguke tena. "Nilimwapisha asinitaje. Nilikuogopa wewe."

Suud akamgeukia dada yake. Bakora iliposhuka, Shurooq aliidaka kwa viganja viwili, vikachanika, akaipokonya na kumtandika nayo ya goti mpaka akaenda chini. Kisha akaitupa nje barabarani.

Akapiga magoti karibu na Yazan, akampangusa uso kwa ncha ya shela yake. Damu zao zikachanganyika kwenye kitambaa. Akamwomba radhi.

"Mkono mmoja utaweza kunibeba?"

"Mbuzi hayupo," Yazan alisema kwa shida. "Nitaweza."

"Basi kesho mlete baba yako aje kuniposa. Aje mchana, majirani waone."

Suud alikuwa bado chini, ameshika goti, akisikia kila neno.