Mbuzi wa Shukrani

Siku ya soko, Kitui haina adabu. Unasukumwa na mama mwenye kikapu cha maembe, unaomba msamaha, na bado ni wewe unayetukanwa. Nzomo, kijana wa Nairobi, alikuwa ametumwa kuandika kijitabu cha kuwaongoza wageni: mji una nini cha kuona, cha kula, na jioni watu hujiburudisha wapi. Alikuwa akirudi nyuma, kamera machoni, ili apige picha ya soko zima, mara akasikia harufu ya nguo inayoungua.

"Wewe! Unaungua!"

Ilikuwa suruali yake. Upindo wake mpana, mtindo wa mwaka ule wa 1975, ulikuwa umekaa juu ya pasi ya makaa ya fundi wa nguo. Fundi mwenyewe alikuwa msichana, Kavata, amevaa gauni la manjano alilojishonea, limemkaa kiunoni sawasawa. Aliruka, akammwagia Nzomo chai yake mguuni.

"Chai ni moto!" Nzomo alilia.

"Kwani unapenda makaa? Keti nikuwekee kiraka. Unaitwa nani?"

"Nzomo."

"Aiya! Nzomo mzima, Mkamba wetu, na unatembea kinyumenyume kama mtalii?"

Nzomo alicheka tu. Alizaliwa Nairobi, akalelewa Nairobi, na Kikamba chake kilikuwa cha kusalimia. Hilo hakulisema. Laiti angelisema!

Kutoka kwa kiraka hicho alipata mtu wa kumtembeza. Kila alasiri Kavata alifunga cherehani, wakaondoka pamoja. Alimpeleka kwa Mama Esha, nyuma ya msikiti, penye pilau ambayo hata walokole waliifuata. Alimlisha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe mpaka akalegeza mshipi. Jumamosi wakaenda kuliona jiwe la Nzambani.

"Mwanamume akilizunguka mara saba anageuka mwanamke," alisema Kavata.

"Basi mimi nitazunguka mara sita."

"Na ukikosea kuhesabu nitakushonea gauni, mwendwa."

Mwendwa, yaani mpenzi. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na wote wawili wakatazama pembeni. Jioni magitaa yalianza kulia katika baa karibu na stendi. Kavata, binti wa shemasi, hakuweza kuingia. Walisimama ng'ambo ya barabara wakila mahindi ya kuchoma, mabega yakicheza yenyewe.

"Nikupe nini kwa hii kazi yote?" Nzomo aliuliza siku ya kuondoka.

"Mimi sitaki kitu. Shukuru baba. Ni yeye aliniruhusu."

Basi la Nairobi lilisimama njiani kwenye soko la Kwa Vonza, na Nzomo akaona mbuzi wanono. Akanunua watatu, akampa dereva wa pikapu aliyekuwa akielekea Kitui. "Mpelekee Mzee Musembi, baba ya Kavata fundi. Mwambie ni za Nzomo." Akaendelea na safari akipiga mluzi.

Jamani! Mbuzi watatu! Ukambani mwanamume akipeleka mbuzi watatu kwa baba ya msichana, hiyo ni ntheo. Wakishapokewa, msichana ni mke wake. Mahari yanayobaki ni mazungumzo tu. Mgeni wa kabila lingine angechekwa na kusamehewa. Lakini Nzomo, mwenye jina la nyumbani kabisa? Wazee wakaitwa, mbuzi mmoja akachinjwa, vigelegele vikapigwa, na Kavata akalia kwa furaha mbele ya watu.

Wiki hiyohiyo simu ya Mama Esha ikalia, Kavata akaitwa mbio.

"Kavata! Mzee alipata mbuzi?"

"Alipata, mwendwa. Kwa nini hukuniambia? Wamenikuta na nguo za kazi!"

"Nikuambie nini? Ni asante tu, vile mlinitembeza."

"Asante ya nini?"

"Ya kunitembeza. Kwani kuna nini?"

Hoteli nzima iligeuka kumtazama. Mama Esha alisahau upawa hewani.

"Nzomo, mimi ni bibi yako."

"Ati nini?"

Angesema lolote lingine Kavata angevumilia. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu aliyeshtuka hasa, na aibu ilimpanda msichana mpaka masikioni. Akakata simu. Ilipolia tena, na tena, Mama Esha alijibu kwamba fundi hayuko, na fundi alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele akilia. Kufikia jioni mji mzima ulijua kwamba binti wa shemasi aliolewa bila mwenye kuoa kujua.

Nzomo alimuuliza mzee mmoja wa kazini maana ya mbuzi watatu. Alipojibiwa, alikaa chini palepale kwenye ngazi. Jumamosi alikuwa Kitui. Kavata alimpokea langoni, ameshika kamba ya mbuzi watatu.

"Chukua mbuzi zako. Baba amelipa yule tulikula. Sasa huna bibi."

"Kavata, nisikilize."

"Sitaki kuolewa kwa makosa! Wala kwa huruma. Uliogopa, nilikusikia."

"Niliogopa, ndiyo! Ungekuwa wewe, uamke uambiwe uko na bwana? Lakini mhariri amekataa kazi yangu. Anasema alinituma kuandika mji, nikamwandikia msichana."

Kavata nusura acheke. Akajizuia. "Chukua, uende."

Nzomo alichukua kamba, akaenda. Alienda kweli! Kavata alimwona akitoka langoni na mbuzi nyuma yake, na moyo ukamuuma, maana alitaka abembelezwe kidogo zaidi. Mzee Musembi alisimama mlangoni, mdomo wazi.

"Hodi!" sauti iliita kutoka nje. "Hodi kwa Mzee Musembi! Mimi ni Nzomo. Nimeleta mbuzi watatu, na leo najua ni za nini."

Mzee alimtazama binti yake.

"Mwambie angoje," alisema Kavata, machozi yakimtoka. "Wazee wameulizwa, nyama imeliwa, mji mzima umetoa maoni. Mimi hakuna mtu ameniuliza."

Nzomo alimsikia pale langoni, akaiachia kamba. Mbuzi walipita kando yake moja kwa moja hadi shambani.

"Kavata, mwendwa, utakubali nikuoe?"

"Nitakubali," alisema Kavata. "Sasa kimbia ushike mbuzi, wanamaliza kunde za baba yako."