Jina la Mpangaji wa Juu

Nyumba mpya haina mashetani, ndivyo Dafrosa alivyojidanganya walipohamia Rissne, kitongoji cha ughaibuni, mwaka themanini na sita, rangi ya kuta ikiwa bado inanuka. Juu yao hakukaa mtu. Mlango ule haukuwa na hata kibao cha jina. Lakini giza likiingia, na kule wakati wa baridi linaingia saa tisa mchana, alisikia visigino vidogo vikikimbia darini, kisha harufu ya udongo mbichi wa kaburi ikashuka bafuni.

Samwiri, mumewe, alisema ni mabomba. Mabomba gani hayo yanayocheka?

Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, na hii ya pili Dafrosa aliilinda kama yai. Akaenda kushtaki kwenye ofisi ya malalamiko ya nyumba za manispaa. Mama wa pale alimsikiliza vizuri tu, akamkaribisha kwa kahawa, kisha akamweleza mipaka yake: yeye huchunguza malalamiko juu ya mpangaji, na mpangaji ana jina. Kelele zisizo na mwenyewe, hapana.

Usiku huo visigino vilisimama juu ya kitanda chao, vikaanza kuruka. Kulipokucha Dafrosa alipiga simu akilia, na yule mama akauliza jina, akauliza tena jina, na huku darini kunachekwa, na harufu ya udongo inazidi, jina likamponyoka mdomoni: Erukana.

Mungu wangu. Lilikuwa jina la marehemu baba mkwe, walilomwekea mtoto wa tumboni, wakaapa halitatajwa mpaka azaliwe, asije akaitika asiyeitwa.

Darini kukawa kimya.

Samwiri aliposikia alishika kichwa. “Dafrosa,” alinong'ona, “jina la mwanangu umempa nani?”

Tangu simu ile mtoto alikuwa hajacheza tumboni, na hilo Dafrosa hakuthubutu kumwambia.

Juma lililofuata mama wa malalamiko alipiga simu mwenyewe, sauti imejaa furaha. Uchunguzi umekwisha, alisema. Amepanda, amegonga, amefunguliwa. Kijana mpole sana, ila miguu yake ina matope.

“Amekubali kuhama,” akasema. “Anasema anashuka hapo chini, kwa mama yake.”

Dafrosa akaweka mkono tumboni. Mtoto akaanza kucheza: visigino vidogo, vinakimbia, na mdomoni mwa Dafrosa mwenyewe ikapanda ladha ya udongo.