Kaburi la Bibi Annuarite

Wasomaji waheshimiwa, mimi Moïse, kidato cha tatu, mwanafunzi wa bweni huko Lilongwe, natangaza rasmi Operesheni ya Kutunza Makaburi. Kamanda wake ni mama yangu, Rosalie, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Mimi, niliyekuwa nyumbani kwa likizo, nilikuwa mbeba maji.

Jumapili dada yake, Mama Mkubwa Cécile, angekuja kutoka Mchesi, mtaa wa Lilongwe. Mama yao, Bibi Annuarite, alizikwa miaka minne iliyopita, Cécile akiwa bado Uvira, Kongo. Hajawahi kuliona kaburi. Kwa hiyo Mama alikuwa ametengenezesha kibao cha saruji chenye jina la bibi.

Jumatano tulikwenda makaburini. Nyasi zilinifika kifuani. Misalaba ya mbao ilikuwa imeanguka ovyo. Mama alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Kaburi halikuonekana.

"Cécile akiniuliza mama iko wapi, nitamuonyesha nini? Majani?"

Akatoa kiberiti. Kwao Fizi, shamba husafishwa kwa moto.

"Mi nachoma yote. Na ile miti tutakata, njo inaficha makaburi."

"Mama, subiri kwanza."

Aliyesema alikuwa Baba Robert, Mmalawi, mchimba makaburi wa kijiji jirani. Kiswahili alikijua kwa kuchimba pamoja na wakimbizi.

"Moto utakula misalaba iliyobaki," alisema. "Na hapa miti ya makaburini haikatwi, hata tawi la kuni. Ukikata, chifu atakuita."

"Sasa tufanye nini, baba?"

"Muombe chifu ruhusa. Kisha njooni wengi, mfyeke nyasi kwa mkono. Kila kaburi lipewe namba, na jina liandikwe kwenye daftari. Alama iwe ya saruji. Mbao ni chakula cha mchwa."

"Batu wengi nitabatoa wapi?"

"Kila aliyelala hapa ana watu wake. Waite hao."

Mama akarudisha kiberiti mfukoni. "Zikomo, baba," alimshukuru kwa Kichewa.

Kesho yake chifu aliruhusu. Mama akapita nyumba kwa nyumba, kisha kanisani. Aliyesema ana kazi, Mama alikaa mlangoni mwake mpaka kazi ikaisha.

Ijumaa tulifika watu thelathini. Tulifyeka na kuinua misalaba. Mimi nilipewa daftari, kwa heshima ya mwandiko wangu. Jioni makaburi arobaini na saba yalikuwa na namba, na watu walikubaliana kurudi kila mwezi. Mzee Lwaboshi alipata kaburi la mtoto wake, akakaa kando yake.

Lakini sita kati ya hayo hayakuwa na jina. Mama alisimama katikati yake, kibao mikononi.

"Mchwa wa siku hizi hawana adabu," nilisema kwa huzuni kubwa.

Baba Robert alikuwa amechuchumaa kwenye kaburi la mwisho. Alishika kipande cha mbao kilichobaki ardhini.

"Mchwa hawa wana msumeno?" aliuliza. "Angalia, Mama. Imekatwa laini."

Mama hakuangalia mbao. Aliniangalia mimi.

"We Moïse. Nguzo za goli lenu la mpira mulitoa wapi?"

"Ya kulia tulinunua, Mama."

"Na ya kushoto?"

Nilifunga daftari, nikasimama kando ya kaburi hilo la mwisho.

"Hapa njo bibi amelala. Msalaba wake nilikata mimi, likizo iliyopita. Niliogopa kusema."

Mama aliweka kibao chini polepole, akanipa jembe.

"Chimba, tukisimamishe. Jumapili utamueleza Cécile, we mwenyewe."